Pikapu Uliyotuletea Inalala Ukutani kwa Mama

Kajengwa, Makunduchi,
Unguja Kusini.
Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Mahfoudh,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nshaipokea kabla hujaitoa, marahaba mwanakwetu. U hali gani? Hilo joto la Dubai la mwezi wa nane, ambalo nasikia mtu akitoka nje anachemka kama muhogo, limekuachia ngozi? Mkeo Amne hajambo? Watoto je? Yule mdogo jino la mbele lishaota, au bado anacheka kwa ufizi kama nlivyomuona kwenye picha za Idi? Nijibu moja moja, usiniambie "wote wazima" ukadhani umemaliza.

Sisi huku alhamdulillahi, tunavuta pumzi. Goti langu ni lile lile, linaijua mvua kuliko redio. Ayoub, shemeji yako, bado yuko na ulinzi wake kule hotelini Jambiani, na bado ni mkorofi wa kutaka chai kabla sijakunja msala. Mwani mwaka huu umetuvunja moyo, maji yamekuwa ya moto mno, unaota ukaozea kwenye kamba. Mama anakula, anasali kwa kukaa, na ulimi wake haujapungua hata nukta. Habari ya Mama ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika, na nitaifikia. Usiruke mistari, nakujua.

Utajiuliza, watu wote wana simu, Bashira kapata wapi wazimu wa kuandika barua? Nlikupigia kwa simu ya Ayoub, ukanambia, "Dada nipo kazini, zungumza na Kheir." Nikapiga tena, yakawa yale yale, Kheir, Kheir, kana kwamba mdogo wetu wa mwisho ndiye mkubwa wa nyumba. Nikakutumia ujumbe wa sauti, nikasema mpaka mate yakanikauka, ukanijibu kidole gumba. Kidole gumba, Mahfoudh! Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka miguu yako ikawa inaburura chini!

Basi nimeandika. Salhiya, binti wa ami yetu, anapanda ndege kesho kuja huko, na barua hii nimeitia ndani ya mfuko wa pweza mkavu, maana najua ule mfuko utaufungua kabla hujavua viatu. Nimemuagiza asiondoke mpaka uishe kusoma. Mkalishe, mpe maji baridi, usome.

Nataka kukwambia habari ya pikapu.

Nianze kwa haki, usije ukasema dada ana husuda. Pikapu yako nzuri. Siku Kheir alipoitoa bandarini Malindi akapita nayo Darajani, nlikuwa nimekaa mbele kama bibi harusi, na watu wamesimama na vikapu vyao mkononi wanatutazama. Watu wa mjini unawajua, wao kila kitu wameshakiona na hawashangai. Siku ile walishangaa. Haina moshi, haina harufu ya mafuta, ukiikanyaga inaruka kama mbuzi aliyepigwa jiwe. Baridi yake ya ndani ilinifanya nijifunike mtandio mpaka puani. Wallahi nlifurahi. Nlikuombea dua tangu mjini mpaka Kitogani, nikalala.

Lakini uzuri wa kutazama na uzuri wa kufanyia kazi ni vitu viwili. Hebu niambie, hao waliokaa wakaichora hii gari walishawahi kubeba gunia? Mbele mna viti vya ngozi, mtu anaweza kunyoosha miguu akalala. Nyuma pa kutilia mzigo ndipo pafupi. Ukipanga safu mbili za magunia ya mwani, ya tatu inaning'inia nje. Halafu pametandikwa plastiki nyeusi ya kung'aa, na Kheir anatukemea tusiburure magunia tukaja kuikwaruza. Pikapu isiyotaka kukwaruzwa ni pikapu gani?

Vishikio vya milango navyo vimejificha ndani ya bati kama kobe. Eti uviguse ndiyo vichomoze. Sisi wanawake wa mwani mikono yetu ina maji ya bahari kutwa, vishikio havitutambui. Bi Radhiya, jirani yetu, alisimama pale akaugonga mlango kwa heshima zote, "hodi, hodi," mpaka tukacheka tukakaa chini.

Na uso wake, Mahfoudh. Hauna mdomo. Gari zote tulizozijua zina mahali mbele pa kuvutia pumzi. Hii ni bati tupu na mstari mmoja mwembamba wa taa kutoka sikio hadi sikio. Kila nikiitazama naona mtu aliyefumba kinywa makusudi.

Tena haina sauti. Mbuzi wa huku unajua tabia yao, wanalala katikati ya njia, gari ikinguruma karibu ndiyo wanainuka kwa maringo. Mbuzi jike wa Bi Radhiya alikuwa anasubiri kusikia. Hakusikia kitu. Kheir aliwahi kumchinja roho haijatoka, tukapewa paja. Mimi ile nyama haikunishuka.

Jambo jingine, na hili likamate vizuri kwa sababu nitalirudia: haisukumiki. Pikapu ya marehemu Baba ikizimika tulikuwa tunaisukuma, hata Mama kaisukuma akiwa na mimba yako. Hii yako ikizimwa magurudumu yanajifunga yenyewe, mpaka iguswe na ile kadi anayolala nayo Kheir. Bila ya kadi ni jiwe.

Sasa Mama. Unajua tangu alipovunjika nyonga mwaka jana hatoki kitandani ila tumbebe, Ayoub kichwani na mimi miguuni. Kitanda chake kimegusa ukuta wa upande wa banda la makuti, lile alilokuwa Baba akihifadhia nyavu. Gari ilipokuja, Mama mwenyewe ndiye aliyetaka ilale mle bandani, ubavu wake ukutani, chini ya dirisha lake. Waya wa kuchajia Kheir akaupitisha hapo hapo dirishani mpaka kwenye soketi ya chumba cha Mama. Akiuchomeka, taa ya Mama inafifia, na inakaa imefifia mpaka asubuhi.

Mama hajali taa. Anapitisha mkono kwenye nondo za dirisha anaipapasa ile bati, anasema, "Mahfoudh kaja." Gari ikichajiwa inatoa mvumo mdogo, na Mama anasema huo mvumo ndio wewe unamfikiria. Miaka tisa hujaja, ndugu yangu. Yeye hajakulaumu hata siku moja. Kaletewa gari, akaifanya mwana.

Nije kwenye siku ya Mwaka, Mwaka Kogwa wetu.

Video ulitumiwa, ukaturudishia mioyo myekundu na "mashallah". Lakini umekaa mbali siku nyingi, labda umesahau kwetu tulikuwaje. Watu wengine wa Makunduchi siku ya Mwaka hukoga wao na nafsi zao. Baba yetu, Mzee Abrahman, Mungu amrehemu, alikuwa na lake: chochote kipya kilichoingia nyumbani mwaka ule, nacho kikoge. Baiskeli yake ilikoga. Cherehani ya Mama ilikoga, ikashika kutu, na Baba akasema hiyo kutu ni ubaya wa mwaka jana unatoka. Pikapu yake ilikoga mpaka kwenye magurudumu, ikakoshwa kwa maji ya kisima, ikafanya kazi mpaka yeye mwenyewe akaitangulia kaburini.

Basi baada ya habari ya mbuzi, Mama akashika hilo. "Gari ya mwanangu haijakoga, ndiyo maana inaua." Akalisema kila siku mpaka siku ikafika. Nani wa kumkatalia? Kheir ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ndiyo, na sisi sote tukaitikia, na mimi nimo.

Uwanjani mambo yalikuwa kama uyajuavyo. Wanaume wakapigana kwa magomba ya migomba mpaka wakachoka, wanawake tukaimba matusi yetu ya mwaka mpaka koo zikakwaruza. Kibanda cha makuti kikasimamishwa, mtu akaingia, kikatiwa moto. Ule moto wa makuti unavyoshika unaujua, dakika hii ni moshi, dakika hii ni paa. Jamaa akachomoka nyuma mzima, hata kope haikuungua. Wazee wakasema alhamdulillahi, mwaka huu hafi mtu kwa moto wa nyumba. Nikaitikia amin kwa sauti kuliko wote.

Kutoka pale tukashuka pwani ya Kigaeni na pikapu yako. Maji yalikuwa yanajaa. Kheir akaiingiza taratibu, watu wanapiga vigelegele, simu juu, wewe uonyeshwe. Maji yakashika magurudumu, yakapita tumbo, yakafika kwenye vizingiti vya milango. Hapo ikajizima. Kheir anaigusa kwa kadi, haiitiki. Vijana wakaja kuisukuma, utasukuma nini, magurudumu yamejifunga! Ikakaa vile ndani ya bahari mpaka nyimbo zikatuishia, tukasimama tu tumeshika viuno. Hayo video haikuyaonyesha. Mara ikawaka yenyewe, taa ile ya mbele ikafunguka, ikatoka majini bila ya sauti, maji yanachuruzika chini yake kama nguo iliyotoka kufuliwa. Watu wakashangilia. Tukaipeleka kisimani, tukaikosha kwa ndoo, tukairudisha ukutani kwa Mama, na Kheir akaichomeka.

Nikamwambia Kheir, "Maji ya bahari hayo, hakuna neno?" Akanicheka. Akatoa simu akanionyesha lile tangazo ulilotutumia wewe, gari inavuka mto mawe yanaruka. "Kaka anajua alichonunua, Dada."

Mto, Mahfoudh. Mto hauna chumvi.

Ayoub siku ile alikuwa kazini. Aliporudi nikamuonyesha video kwenye simu yake, nikitegemea acheke. Hakucheka. Aliniomba maji ya kunywa, akakaa kitako. Kisha akanieleza kwamba hoteli yao ilikuwa na baiskeli za umeme za kukodisha wageni. Mgeni mmoja aliiacha yake pwani, maji yakaifunika. Wakaikosha, wakaianika, ikapona, wageni wakaipanda siku kadhaa. Siku moja mchana, imewekwa ghalani tu, haikuchomekwa popote, ikaanza kupiga mbinja kama birika. Ukatoka moshi mweupe, kisha moto. Wakamwaga maji ukazimika, wakageuza mgongo ukawaka tena. Wakauzima, ukawaka. Ghala lote na makuti yake likaenda. Kwa rehema za Mungu hamkuwa na mtu ndani.

Hiyo ni baiskeli, betri yake mtu unaibeba kwapani. Ya pikapu yako imejaa chini yake yote, kutoka gurudumu hadi gurudumu.

Tangu hapo nikaanza kuitazama. Pale inapochomekwa pameota ukoko mweupe wa chumvi. Nikiufuta leo, kesho umerudi. Kuku wa Mama walikuwa wanalala chini yake, maana pana kivuli na hakuna mafuta ya kudondoka. Wamehama wote, wako kwenye mpapai, na mvua wanavumilia. Kuna harufu mle bandani, si ya kuungua. Tamu, kama ya rangi ya kucha chumbani kwa bibi harusi. Kheir anasema ni marashi yangu mwenyewe. Kwenye kioo chake kikubwa yanatokea maandishi mekundu. Kheir anayagusa kwa kidole yanaondoka, basi kwake yeye yamekwisha. Na ule mvumo wa kuchaji, Mahfoudh, sasa upo hata waya umechomolewa. Mama anafurahi. Anasema siku hizi unamfikiria kutwa.

Juzi asubuhi nilikwenda kumtawadhisha. Jua lilikuwa halijatoka. Nikamkuta amejigeuza mwenyewe kwa taabu zake, mgongo na ile nyonga mbovu ameviegemeza ukutani, uso umekunjuka kama wa msichana. Nikamuuliza, Mama vipi? Akanambia, "Ukuta una joto. Joto zuri, linanikanda mifupa. Mahfoudh kanifanyia hata hilo." Nikaweka kiganja changu. Kweli, una joto. Ukuta wa mawe na chokaa, alfajiri, upande usiopigwa na jua.

Nilimaliza kumtawadhisha haraka haraka, akaniuliza nakimbilia wapi.

Siku ile ile nikaingia mjini kumtafuta fundi. Watu wakanielekeza mtaa wa Amani, kwa kijana mmoja anaitwa Nadir anayetengeneza pikipiki za umeme. Nikamuhadithia yote, naye anakunywa chai. Nilipofika kwenye ukuta akaiweka chini ile chai. Akaniuliza neno moja tu, "Kuna mtu analala hapo?" Nikamwambia mama yangu, na hawezi kutembea. Akasema, "Bi Bashira, mimi hiyo siijui, na sitaki kujifunzia kwa mama yako. Iburureni muiweke mbali na watu, mbali na makuti, na asiichomeke mtu tena." Nikamuomba aje aitazame tu. Akakataa kata kata, pesa hataki, nauli hataki.

Nikarudi nikamwambia Kheir. Ah! Tukakosana mpaka Bi Radhiya akaja kutuamua. Kheir ana kazi ya kupeleka masanduku ya wageni uwanja wa ndege, tena hapo awali hakuwa na kazi, nalijua hilo na linaniuma. Anaona namnyang'anya mkate. "Kaka kanikabidhi mimi, hajakukabidhi wewe. Unaona wivu gari haikuandikwa jina lako." Hayo kanambia mimi, yeye kitinda mimba wa mama yangu. Nikataka kumjibu kuwa sikio la kufa halisikii dawa, nikajizuia, nyumba ina mgonjwa.

Jana alipokwenda sala ya Ijumaa nikakusanya wanawake wenzangu wa mwani. Tukafunga kamba nyuma ya gari, tukavuta mpaka viganja vikachubuka. Haikutikisika. Nikaazima ng'ombe wa Mzee Borafya na kongwa lake, yule ng'ombe mwekundu anayevuta gari ya mawe ya chokaa. Akavuta, kamba ikakatika, ng'ombe akapiga magoti, na pikapu yako imekaa vile vile na uso wake uliofumba kinywa. Kheir akatukuta hapo. Sitaki kukuandikia aliyoyasema mbele za watu.

Gari ikikataa kuondoka, basi aondoke Mama. Nikamwendea kwa upole, Mama twende kwangu ukapumzike siku chache, chumba nishakitandika. Akanitazama kwa jicho lile tulilokuwa tunaliogopa utotoni. "Mwanangu kanitia joto, wewe wataka kunitoa kwenye joto?" Nikamueleza habari ya baiskeli, ya fundi, ya harufu. Akanambia ile gari ilishakoga mwaka, haina ubaya tena. Tena akanambia atahama siku wewe utakapomwambia, kwa mdomo wako, kwa sababu joto ni lako. Tukijaribu kumbeba kwa nguvu anashika nondo za dirisha na kupiga kelele, na ile nyonga nachelea itakatika tena mikononi mwangu.

Nifanyeje? Nimeng'oa nondo za dirisha la pili, la upande wa uani, kwa sababu mlango unatokea huko huko bandani. Nimeweka ndoo za mchanga. Waya nauchomoa kila Kheir akiuchomeka, tunapokezana kama watoto. Nalala sakafuni kando ya kitanda cha Mama, na Ayoub kaomba ruhusa kazini analala uani. Yule anayeingia kibandani siku ya Mwaka, Mahfoudh, huingia na miguu yake, na anajua tundu la kutokea liko wapi, na anajua saa ya moto. Mama hana miguu, na saa hatujui.

Nnaogopa, ndugu yangu. Sijawahi kukwambia neno hili, hata Baba alipokufa. Nnaogopa.

Sitaki utume fundi, sitaki utume chaja mpya, wala usinitumie kidole. Nataka mawili. Ukishusha barua hii, piga simu ya Ayoub, si ya Kheir. Nitakuwa nayo mkononi, nimekaa pembeni ya Mama. Mwambie, "Mama, nenda kwa Bashira," maneno hayo tu, nitaanza kumbeba kabla hujakata. Kisha mpigie Kheir, umuamrishe aitoe gari akaiache kule uwandani kwenye mawe matupu, pasipo mti wala nyumba, na kadi anipe mimi. Mwambie kazi utamtafutia nyingine. Gari utanunua nyingine, na ukitaka ushauri wangu, inunue yenye mdomo.

Nisalimie Amne sana, mwambie kanga zake nimeziona, rangi zimenikaa. Wabusu watoto kwenye mashavu yote mawili, na yule asiye na jino mpe pweza kipande laini. Bi Radhiya anakusalimu, mbuzi keshakusamehe. Ayoub anakusalimu. Kheir hajui kama nakuandikia, lakini ni ndugu yako na ananiliza, naye umuombee. Mola akuhifadhi na jua la huko na husuda za watu, akufungulie njia ya kurudi kwenu ukute kila uliyemuacha.

Nimemuuliza Mama, nnamwandikia Mahfoudh, nimwambie nini kutoka kwako? Kanishika mkono, kacheka. Kasema nikwambie hivi: anakupa radhi zake zote, usiku kalala bila ya maumivu, na ukuta leo una joto zaidi kuliko jana.

Mimi dada yako nikupendaye, nimekaa na simu mkononi,

Bashira